Bustani za Mimea, Tabianchi na Mikono ya Mtunza Bustani: Maswali na Majibu ya Kurudia

Maswali haya ni ya mwanachuo wa stashahada ya kilimo cha bustani anayerudia mada ya uhifadhi wa mimea. Mengine yana jibu la mistari miwili, na yajibiwe hivyo. Mengine yanadai insha, na huko ndiko watahiniwa wengi wanakoangukia: wanajaza kurasa kwa "kulinda mazingira" na "umoja wa mataifa" bila kutaja mmea hata mmoja. Mtahini hatoi alama kwa nia njema. Taja spishi, bustani, mwaka, na kazi ya mikono iliyofanyika.

Swali la 1. Nini kinaitofautisha bustani ya mimea na bustani ya kupumzikia?

Kumbukumbu. Bustani ya manispaa inaweza kuwa na miti mizuri kuliko ya chuo kikuu, ila haijui miti hiyo ilitoka wapi. Katika bustani ya mimea kila mmea una namba, jina la kisayansi, mahali mbegu yake ilipookotwa, tarehe, na jina la aliyeiokota. Mmea uliopoteza rekodi hubaki pambo. Bustani ya Padua, Italia, iliyoanzishwa mwaka 1545 kufundishia wanafunzi wa tiba, bado iko mahali pake pa awali. Ukiitaja hiyo umetosheka.

Swali la 2. Ushirikiano wa bustani hizi ulianzaje, na ulikuwa wa haki?

Ulianza kwa kuchukuliana, mara nyingi bila ruhusa ya mwenye mali. Mfano ulio karibu nasi ni karafuu. Waholanzi waliilinda kwa ukali katika visiwa vya Maluku. Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche iliyotoroshwa huko, nayo ikapandwa Mauritius katika miaka ya 1770, enzi ambazo bustani ya Pamplemousses ilikuwa ikijengwa. Kutoka visiwa hivyo vya Bahari ya Hindi mkarafuu ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mtahiniwa anayetoka Pemba, basi, amekulia ndani ya jibu.

Mfano wa pili ni mpira. Mwaka 1876 Henry Wickham alisafirisha mbegu takriban 70,000 kutoka Brazili hadi bustani ya Kew, London. Zilizoota hazikufika 3,000. Mwaka uliofuata miche 22 ilifika Singapore, na kizazi chake ndicho kilichoivunja nguvu Brazili katika soko la mpira. Kwa nini mbegu nyingi kiasi kile zilikufa? Shikilia swali hilo. Jibu lake liko katika Swali la 6.

Kwetu, Wajerumani walianzisha kituo cha Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, wakajaribu huko mimea kutoka kila pembe ya nchi za joto. Hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hazina ya vielelezo vya mimea iliyokaushwa, ilianzia hapohapo Amani kabla ya kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950. Ukiulizwa kama ushirikiano wa zamani ulikuwa wa haki, jibu ni hapana, usizunguke. Lakini ongeza kwamba vielelezo vya wakati ule ndivyo tunavyotumia leo kujua msitu ulikuwa na nini.

Swali la 3. Taja vyombo vinavyoziunganisha bustani za mimea leo. (Alama 4)

Kikubwa ni Botanic Gardens Conservation International, kwa kifupi BGCI, kilichoanzishwa mwaka 1987, chenye makao Uingereza na wanachama katika nchi zaidi ya 100. Ndicho kilichotoa mwaka 2017 orodha ya spishi zote za miti zinazojulikana duniani, takriban 60,000, na mwaka 2021 kikaripoti kwamba karibu asilimia 30 ya spishi hizo ziko hatarini kutoweka. Kwa tabianchi hasa, upo muungano wa Climate Change Alliance of Botanic Gardens, uliozinduliwa Melbourne, Australia, mwaka 2018. Kwa kurudisha misitu iliyoharibiwa upo Ecological Restoration Alliance. Kwa wadudu na magonjwa upo International Plant Sentinel Network. Vinne vimetimia, hakuna alama ya tano.

Swali la 4. Eleza jinsi bustani moja inavyotumia taarifa za nyingine kujiandaa kwa joto linalokuja.

Jibu kwa Melbourne, maana wao waliandika mpango wao wazi. Bustani ile ilianza mwaka 1846, na miti yake mingi mikubwa ilichaguliwa kwa hali ya hewa ya karne ya 19. Kisha ukaja ukame mrefu uliomalizika mwaka 2009, na wasimamizi wakaona kwamba kungoja mti ufe ndipo upande mwingine ni kuchelewa kwa miaka sitini. Mwaka 2016 walitoa mkakati wa miaka ishirini wa kubadilisha mimea taratibu, wakilenga kwamba ifikapo 2036 asilimia 75 ya aina za mimea yao iwe inaweza kuhimili hali ya hewa inayotabiriwa ya mwaka 2090.

Watajuaje mti gani utahimili? Walitafuta mji ambao hali yake ya hewa leo inafanana na ile inayotabiriwa kwa Melbourne, wakataja Dubbo, mji wa bara katika jimbo la New South Wales. Baada ya hapo kazi ni ya kuulizana. Kama spishi fulani inastawi katika bustani ya nchi yenye joto na mvua kama hiyo, huo ni ushahidi, hata kama porini spishi hiyo haijawahi kuota mahali pa namna ile. Hapa ndipo rekodi za Swali la 1 zinapogeuka mali. Kumbukumbu ya mtunza bustani wa mbali, kwamba mti huu ulipandwa mwaka fulani na bado u hai, inajibu swali ambalo kompyuta peke yake haiwezi kulijibu. BGCI ilikusanya taarifa za aina hiyo katika zana ya mtandaoni ya kupimia miti, ili hata bustani isiyo na wataalamu wa hali ya hewa iweze kuitumia.

Tahadhari ya kuandika mwishoni mwa jibu: hesabu ya joto na mvua haisemi lolote kuhusu udongo, upepo wala mchwa. Mti unaweza kupita mtihani wa kompyuta ukafia kitaluni.

Swali la 5. "Mimea inaweza kutumika kama kipimo cha tabianchi." Kweli au si kweli?

Kweli, kwa sharti moja. Ukilinganisha tarehe ya kuchanua ya mti wa Ujerumani na wa Ugiriki, tofauti utakayoiona inaweza kuwa ya nasaba na si ya hali ya hewa. Ndiyo maana mtandao wa bustani za Ulaya ulioanza mwaka 1957 ulipanda katika nchi mbalimbali mimea iliyozalishwa kwa vipandikizi vya mzazi mmoja. Nasaba ni ileile, kwa hiyo kinachobadilika ni mazingira. Uchambuzi wa rekodi zake uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba msimu wa ukuaji Ulaya ulikuwa umerefuka kwa takriban siku 11 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Angalia nani aliyefanya sayansi hiyo iwezekane: aliyejua kukata kijiti na kukiotesha mizizi.

Swali la 6. Kwa nini benki ya mbegu haitoshi peke yake?

Kwa sababu si kila mbegu inakubali kulala. Mbegu za nafaka, kunde na mimea mingi ya nchi kavu hukaushwa kwanza, kisha hugandishwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, zikakaa hai kwa miongo mingi. Hivyo ndivyo inavyofanyika Wakehurst, kusini mwa Uingereza, katika Millennium Seed Bank iliyofunguliwa mwaka 2000 na sasa ina mbegu za spishi zaidi ya 40,000 zilizokusanywa pamoja na nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Kanuni nzuri ya ushirikiano huo ni kwamba akiba nyingine ibaki nchini mbegu ilipookotwa.

Embe, parachichi, kakao na mpira ni kabila jingine. Mbegu zao zikikauka zimekufa. Hilo ndilo jibu la zile za Wickham: zilikuwa zikifia safarini. Mimea ya namna hii huhifadhiwa ikiwa hai ardhini, katika bustani zaidi ya moja, au viini vyake hugandishwa kwa naitrojeni kimiminika kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, kazi inayohitaji maabara na umeme usiokatika. Kwa hiyo misitu ya mvua, yenye mbegu nyingi za kundi hili, inaitegemea zaidi bustani iliyo hai kuliko friji.

Swali la 7. Mmea uliomo katika bustani kumi duniani umeokoka. Kubali au kataa.

Kataa, utaje *Encephalartos woodii*. Saikadi hii ilionekana mara moja tu porini, katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini, mwaka 1895, ikiwa mmea mmoja wa dume. Machipukizi yake yalichukuliwa yakapandwa Durban na Kew, na leo imo katika bustani nyingi za dunia. Yote ni dume lilelile. Jike halijapatikana, kwa hiyo mbegu halisi hakuna.

Swali la 8. Kwa kutumia mfano mmoja wa Afrika Mashariki, onyesha kwamba ustadi wa mtunza bustani unaweza kuokoa spishi. (Alama 20)

Andika kuhusu yungiyungi la Rwanda, *Nymphaea thermarum*, na uandike kwa utulivu, kwani hapa ndipo alama nyingi zilipo.

Mwaka 1987 mtaalamu wa mimea Eberhard Fischer kutoka Ujerumani aliukuta mmea huu kwenye chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, huko Bugarama, kusini magharibi mwa Rwanda. Ndio mdogo kuliko mayungiyungi yote yanayojulikana. Jani lake linaweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Maji ya chemchemi yalitoka yakiwa na joto la nyuzi 40 hivi, na mmea uliota pembeni, kwenye tope, pale maji yalipofika yakiwa yamepoa hadi nyuzi 25. Eneo lote lilikuwa dogo mno. Maji yalipoanza kutumika kwa shughuli za watu, tope lilikauka, na kufikia mwaka 2008 mmea ulikuwa umetoweka pale.

Fischer alikuwa amepeleka mimea michache kwenye bustani ya Bonn, Ujerumani. Huko ilitunzwa hai, ila kuizalisha ilikuwa taabu. Mbegu na miche vikapelekwa Kew. Mtunza bustani Carlos Magdalena akafanya kama mayungiyungi yote yanavyofanyiwa: akaziotesha ndani ya maji. Zikaota, zikadhoofika, zikafa. Akabadili ugumu wa maji, akabadili joto, na bado zikafa.

Alichokuwa hajakitazama ni mahali mmea ulipokuwa ukiishi. Mayungiyungi mengine huanzia maisha chini ya maji. Hili liliishi kwenye tope lililo wazi kwa hewa. Magdalena akafikiri kwamba huenda miche inakosa hewa ya ukaa, ambayo ni haba majini kuliko hewani. Akapanda mbegu katika vyungu vya udongo, akaviweka ndani ya maji ambayo usawa wake ulilingana na uso wa udongo, bila kuufunika, kwa nyuzi 25. Miche ikanawiri, na mwishoni mwa mwaka 2009 mmea ukachanua Kew.

Sasa hoja ya kuupatia mfano huu uzito. Sayansi ilikuwa na jina la mmea, kielelezo chake na ramani ya mahali pake, na bado spishi ilikuwa inaelekea kupotea mikononi mwa watu wanaoipenda. Kilichokosekana ni mtu wa kitaluni aliyekaa na mche unaokufa akajiuliza ulikuwa ukiishi vipi kwao. Taja pia kwamba Januari 2014 mmea mmoja wa aina hii uliibiwa Kew. Wakusanyaji wa siri nao wanasoma magazeti.

Ukibakiwa na muda, ongeza aya fupi ya *Ramosmania rodriguesi* kutoka kisiwa cha Rodrigues, Mauritius. Ulidhaniwa umekwisha hadi mwanafunzi wa shule alipouonyesha mmea mmoja karibu na mwaka 1980. Kipandikizi kilipelekwa Kew kikachanua miaka nenda rudi bila tunda. Magdalena huyohuyo, baada ya majaribio mengi, alikata ncha ya sehemu ya kike ya ua akaweka chavua kwenye jeraha, na mwaka 2003 mbegu zikapatikana. Mbegu na miche vikarudishwa Rodrigues. Neno "vikarudishwa" lina alama yake.

Swali la 9. Toa mfano ambapo Tanzania ilikuwa mshirika na si chanzo tu cha mbegu.

*Karomia gigas*, mti mrefu wa misitu ya pwani. Kwa muda ulihofiwa kuwa umetoweka, hadi watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipouona tena kusini mwa Tanzania mwaka 2011. Ilikuwa miti michache sana, na matunda yake mengi yalikuwa yameharibiwa na kuvu na wadudu kabla ya kukomaa. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania waliweka ulinzi kwenye miti, wenyeji wakashirikishwa, na maelfu ya matunda yakasafirishwa kwa kibali hadi Missouri Botanical Garden, St. Louis, Marekani. Kati ya maelfu hayo mbegu nzima zilikuwa chache sana, na zilizotoa miche ni chache zaidi. Baadhi ya miche ilichanua hukohuko.

Mgawanyo wa kazi uko wazi: Watanzania waliutafuta, waliutambua na kuulinda, Wamarekani waliotesha. Swali linalobaki, na mtahini mkali atalipenda, ni kwa nini kuotesha kusifanyike Lindi au Morogoro. Si suala la akili. Ni vifaa vya kudhibiti kuvu, ni kitalu chenye joto linalodhibitiwa, na ni fundi anayelipwa kukaa na mbegu mia moja kwa miezi bila kuhamishiwa kazi nyingine.

Swali la 10. Ustadi wa bustani hupitishwaje kutoka nchi moja hadi nyingine?

Kwa kozi, kwa mafunzo ya kazini na kwa kubadilishana watumishi. Hayo kila mtahiniwa ataandika. Ongeza njia ambayo wengi huisahau: kufanya kazi moja kubwa pamoja kwa muda mrefu. Orodha ya mimea ya Afrika Mashariki iliyoongozwa na Kew, *Flora of Tropical East Africa*, ilianza kuchapishwa mwaka 1952 ikakamilika mwaka 2012, ikiwa na spishi zaidi ya 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Katika miaka hiyo sitini wataalamu wa hapa walijifunza kuutambua mmea kwa kuushika.

Mfano wa pili ni Brackenhurst, karibu na Limuru, Kenya. Mashamba ya mikaratusi na miti mingine ya kigeni yaling'olewa hatua kwa hatua, ikapandwa miti ya asili ya nyanda za juu, na leo ni bustani ya mimea yenye msitu ambapo watu huja kujifunza kuokota mbegu, kuzivunja usingizi na kuzikuza. Hapo mafunzo hutoka Afrika kwenda kwa wengine, jambo ambalo vitabu vingi vya kozi havilisemi.

Swali la 11. Itifaki ya Nagoya ilibadili nini?

Ilipitishwa mwaka 2010, ikaanza kutumika Oktoba 2014, chini ya Mkataba wa Bayoanuwai wa mwaka 1992. Anayetaka rasilimali ya kijenetiki aombe ridhaa ya nchi yenye mali kwanza na akubaliane nayo jinsi ya kugawana faida. Zamani bustani zilitumiana orodha za mbegu kila mwaka na kupeana bure kwa posta. Siku hizi bahasha ya mbegu husafiri na makaratasi. Watafiti wengine hulalamika kwamba vibali vinachelewesha uokoaji, na malalamiko hayo yana ukweli. Lakini asiyeelewa kwa nini makaratasi yapo arudie Swali la 2.

Swali la 12. Taja hatari moja ya kubadilishana mimea.

Mimea vamizi. *Maesopsis eminii*, ambayo Waganda huiita musizi, ilipandwa Amani enzi za Wajerumani, na kutoka huko ikasambaa ndani ya misitu ya Usambara Mashariki, ikibebwa na ndege kama hondohondo wanaokula matunda yake. Mti huu ni mwenyeji wa kanda ya Ziwa. Usambara ni mgeni. Tabianchi ikibadilika, mgeni aliyekuwa mpole anaweza kupata nafasi ya kutamba, kwa hiyo kila pendekezo la kuleta mti unaostahimili ukame lipitie kwanza swali hili.

Swali la 13. "Ushirikiano wa bustani za mimea huinufaisha Ulaya kuliko Afrika." Jadili.

Usijifanye mwamuzi asiye na upande. Msimamo unaotetewa na mifano hii ni huu: kwa muda mrefu ilikuwa hivyo, na bado ni hivyo pale mmea unapoondoka na ustadi usirudi. Yungiyungi la Rwanda lilijulikana namna ya kuoteshwa likiwa London. *Karomia* ilichanua St. Louis. Rodrigues ilirudishiwa miche yake, na Brackenhurst inafundisha wengine. Pima kila mradi kwa mambo mawili: je, mbegu au miche iko pia nchini ilikotoka, na je, yupo mtu wa nchi hiyo anayeweza kuirudia kazi yote bila kumpigia simu mgeni? Palipo na "ndiyo" mbili, huo ni ushirikiano. Palipo na moja, ni msaada. Pasipokuwa na hata moja, tumerudi enzi za Wickham, safari hii tukiwa na vibali.

Kwa walio karibu na Muheza: nendeni Amani kabla ya mtihani, mwombeni mhifadhi awaonyeshe miti ya bustani ya zamani, mwandike majina yake na nchi ilikotoka. Ukurasa huo mmoja wa daftari utawafaa katika maswali ya 2, 4 na 12.